Nimesikia, Mwalimu

Mimi nina saluni Makongeni, na watu wa pale wananijua kwa mambo mawili: mkono wangu ni mwepesi kwa kusuka na mdomo wangu hauna kifuniko. Kwa hivyo nikianza kumsema Daktari Gichuru, usidhani ni umbea wa saluni. Nina hasira naye. Nitakuambia ni kwa nini, na nikimaliza utakuwa na hasira pia, labda uwe binamu yake.

Mambo yenyewe yanamhusu Syokau. Syokau na mimi tunaishi ploti moja, mlango wake unatazamana na wangu. Alizaliwa Kiandutu, mtaa wa mabanda hapa hapa Thika. Mama yake alikuja Thika kutoka upande wa Matuu akiwa msichana, akatafuta kibarua akakikosa, akaanza kupika githeri, mahindi na maharagwe, kando ya njia, na githeri hiyo ndiyo iliyomlea Syokau na kumsomesha mpaka kidato cha nne. Halafu Syokau akaingia kiwandani kupanga maboksi, miaka nenda miaka rudi, mpaka siku moja akaja kwangu kusukwa na kuniambia amejiandikisha chuo fulani kule Ruiru. Masomo ya jioni na Jumamosi, digrii ya mawasiliano.

"Mawasiliano?" nikamwuliza. "Kwani hujui kuongea?"

"Kuongea najua," akasema. "Nataka kujua kwa nini watu wanaongea na hawaelewani."

Nikaendelea kusuka. Mama yake hakuuliza hata swali moja. Alitaka kitu kimoja tu, na alikisema mbele ya kila aliyekuja kununua githeri: siku ya mahafali akae pale uwanjani, asikie jina la mtoto wake likisomwa na mtu aliyevaa joho. Mwanamke huyo hajawahi kusikia jina la mtu wa kwao likisomwa mahali popote isipokuwa kwa chifu na kwenye matanga.

Mwaka wa mwisho ndipo likaja somo la mbinu za utafiti. Wenzake walilichukia, wakawa wanatafuta mtu wa kuwaandikia. Syokau alilipenda kama nini. Alikuwa akitoka Ruiru anapitia kwangu, anavuta kiti, na wateja wakiwa chini ya draya anaanza kunifundisha na sijamwomba. Jinsi ya kuchagua watu wa kuuliza bila kupendelea majirani zako. Tofauti ya kumpa mtu hojaji aweke alama, na kukaa naye chini akueleze kwa maneno yake. Na jinsi swali lenyewe linavyoweza kubeba jibu mgongoni. "Ukimwuliza mtu, si unapenda redio, hapo ushamjibia," akasema. Mimi nilikuwa naona ni kupoteza wakati, maana hakuna mtu anayefundishwa kuuliza.

Basi siku moja akaomba kujaribisha hojaji yake kwa wateja wangu. Maswali ya kawaida tu: umeridhika na huduma, umeridhika na bei, ungependa kurudi. Alikuwepo mteja wangu Maggie, anayeuza viatu vya mitumba, nimetoka kummalizia kichwa. Maggie akaridhika na kila kitu, akaweka alama ya juu kabisa kutoka swali la kwanza hadi la mwisho. Nikajipiga kifua. Halafu Syokau akatoka kwenda duka la simu jirani, akamkuta Maggie huyo huyo akimwambia muuzaji ati Wangechi, yaani mimi, amemvuta nywele mpaka hawezi kufumba macho.

Nilitaka kumfuata na chanuo. "Mbona asiniambie mimi?"

"Angekuambiaje na ulikuwa umesimama nyuma ya kichwa chake?" Syokau akasema, anacheka. "Na mimi nilikuwa na karatasi mkononi. Mtu mwenye karatasi haambiwi ukweli, Wangechi. Anaambiwa kile kitakachomfanya aende."

Kumbe hapo alikuwa ameshika kitu ambacho mwalimu wake na madigrii yake yote hakuwa nacho.

Sasa tufike kwa huyo mwalimu. Gichuru ni daktari wa vitabu, si wa sindano, na ndiye aliyekuwa akiwafundisha hayo mambo ya utafiti. Anakaa Kamakis kwenye gorofa yenye lifti. Mwaka uliotangulia, mradi mmoja wa afya ulikuwa umemchukua afanye kazi Kiandutu. Tangi ambalo watu wengi wa pale huchotea lilikuwa limeingia uchafu, mradi ukatuma gari lenye spika kuwatangazia watu wachemshe maji ya kunywa, kisha Gichuru akaambiwa apime kama tangazo limefika. Akatuma vijana wenye beji shingoni wapite mlango kwa mlango. Je, ulisikia tangazo kuhusu maji? Je, unachemsha maji ya kunywa? Alama hapa, alama pale, mlango unaofuata.

Baada tu ya hapo mama yake Syokau akashikwa na homa ya matumbo. Tulimpeleka hospitali akiwa ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Alipona, Mungu ni mkubwa, lakini alitoka wodini amekonda hadi nguo zinamteleza mabegani, na kwa muda mrefu alikuwa anakunywa uji tu.

Ni wakati huo huo, mama bado yuko kwa uji, ndipo Gichuru akaamua kuisoma ripoti yake darasani kama mfano wa utafiti uliofanywa vizuri. Syokau alikuwa ameketi mbele. Akasikia kwamba Kiandutu, katika kila watu kumi, tisa walisikia tangazo, na karibu wote hawachemshi maji ya kunywa. Kwa hivyo, Gichuru akasema, mawasiliano yalifaulu, walioshindwa ni wakazi wenyewe, kwa sababu ya ukaidi. Akafungua ukurasa wa mwisho akasoma sentensi aliyoionea fahari: sikio la kufa halisikii dawa. Darasa likacheka.

Hebu niambie. Mama ya mtu hawezi kumeza chakula kigumu, na wewe umekaa Kamakis unamwita sikio la kufa, tena unalipwa. Syokau aliponisimulia nilikuwa nasuka mtoto wa shule, ikabidi niache kidogo nisije nikamwumiza bure.

Jioni ile hakuja nyumbani. Alishukia Kiandutu kwa mama yake.

"Mwaitu," akamwuliza, kwa sababu Wakamba ndivyo wanavyomwita mama, "ulisikia lile gari lililotangaza mambo ya maji?"

"Gari gani?"

"Lenye spika. Vijana walikuja kukuuliza, ukawaambia umesikia."

Mama akafikiri. "Wale wa beji? Eee, niliwaambia nimesikia. Githeri ilikuwa inashika chini na wao wamesimama mlangoni wananizibia mwangaza. Si ukimwambia mtu nimesikia, anaenda?"

Simama hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo penye mambo. Wewe landilodi akija kukukaripia, unamjibu nini? Nimesikia. Askari wa kaunti akikuambia utoe meza barabarani? Nimesikia, na meza unaitoa akigeuka kona unairudisha. Mama mkwe akikufundisha kupika? Huku kwetu neno hilo si la masikio hata kidogo. Ni njia ya kumfukuza mtu na adabu zako zikabaki mahali pake. Kila mtu Thika anajua hivyo, na Gichuru anajua pia, maana ana mke.

Syokau akaona na jingine, yeye ana jicho la hayo mambo. Swali la vijana lilikuwa ulisikia, yaani siku ile gari lilipopita. Mama akajibu nimesikia, yaani sasa hivi, nimekusikia wewe kijana, nenda. Aliulizwa la juzi akajibu la pale mlangoni. Kijana akaweka alama ya ndiyo akasonga.

Syokau akaamua huo ndio utafiti wake wa mwisho. Chuo nacho, kwa akili zake, kikampa Gichuru amsimamie, kwa sababu ati ndiye mtaalamu wa Kiandutu.

Akaenda kuzunguka kule wikendi baada ya wikendi. Hakuuliza mtu kama alisikia. Alikuwa anakaa chini, anasaidia kuchambua maharagwe kama yapo, kisha anauliza swali moja tu: gari lilisema nini? Wengi walimjibu kama mama yake, gari gani. Mwingine akasema lilikuwa la mwanasiasa. Mzee Muasya, fundi wa viatu, akaapa kwamba lilikuwa linauza dawa ya kunguni, na akalaumu kwamba halikusimama. Ndipo Syokau akagundua kwamba gari lilipita Jumapili asubuhi. Jumapili asubuhi, Kiandutu! Makanisa ya mabati kila kona, kila moja na kinanda chake na spika zake, na wao wakatuma kigari kije kishindane na Roho Mtakatifu.

Na wale waliokuwa wamewekewa alama ya ndiyo, akiwauliza kwa nini walisema wamesikia, walikuwa wanacheka. Kijana alikuwa na haraka. Mtoto alikuwa analia. Nilidhani ni watu wa kubomoa. Mama yake mwenyewe anachemsha maji kutwa nzima, ni ya githeri. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba hata hayo anayojichotea kikombe kimoja ana kiu yanataka kupita motoni.

Akayaandika yote. Chapta ya nne nzima ikawa ni hilo neno nimesikia, nani alilisema, akiwa anafanya nini, na alikuwa anamaanisha nini. Alinisomea saluni, na mimi nisiyekuwa na subira ya vitabu nilisikiliza mpaka mwisho.

Siku ya kuipeleka kwa Gichuru nilifuatana naye Ruiru, nilikuwa naenda kununua nywele za kusukia kwa jumla. Nikakaa kwenye benchi la koridoni. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, kwa hivyo usiseme nilikuwa nimetega sikio.

"Hii chapta ya nne itoke," Gichuru akasema. Hata chai hakuwa ameweka chini.

"Kwa nini, mwalimu?"

"Umebadilisha swali. Ukibadilisha swali, huwezi kulinganisha majibu yako na ya utafiti uliotangulia. Hizi ni hadithi za jikoni."

"Mwalimu, swali la kwanza halikupima kama walisikia. Lilipima kama wana adabu."

Kikombe kikagonga meza. Nikajua amemgusa mahali.

"Syokau, ndiyo ni ndiyo. Kazi ya mtafiti si kubishana na jibu alilopewa. Toa hiyo chapta, panga takwimu vizuri, utapita. Ukija nayo mbele ya jopo sitakutetea, na mwaka huu jina lako halitasomwa." Akasogeza kiti. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Umesikia?"

"Nimesikia, mwalimu," Syokau akasema, kwa sauti ya mtoto wa kanisa.

Akatoka. Mimi nilikuwa nachemka. Lakini nilipomwona uso, hasira ikaniisha nikamfikiria mama yake na ule uwanja wa mahafali. Nikamwambia aitoe. Chukua karatasi yako kwanza, utamtukana baadaye, na mimi nitakusaidia kutukana.

"Nikiitoa," akasema, "mwaitu anabaki sikio la kufa. Na safari hii ni mimi nimeandika, na jina langu liko kwa jalada."

"Lakini si ushamwahidi?"

"Sikumwahidi."

Nilidhani ni uchungu tu unaongea. Nikabeba nywele zangu na tukarudi Thika.

Siku ya kutetea utafiti, watu wa nyumbani wanaruhusiwa kukaa nyuma. Mama yake Syokau akaja na kitambaa chake cha kanisani, ametembea polepole kutoka kituo cha matatu, akakaa karibu na mimi na mkoba juu ya magoti. Alidhani ndiyo mahafali. Nikamweleza kwamba hii ni ile siku ya kuulizwa maswali, na kwamba hapa ndipo inaamuliwa kama jina litasomwa au halisomwi. Akasema sawa, akafumba macho, nafikiri alikuwa anaomba.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Gichuru katikati. Mkuu wa idara, Bwana Kahiga, ambaye alikuwa na shughuli nyingi na simu yake. Na mama mmoja mwenye miwani, Profesa Ngendo, aliyeletwa kutoka chuo kingine ili kuwe na jicho la nje. Kila mmoja alikuwa na nakala mbele yake, zilizotumwa siku nyingi. Ya Profesa ilikuwa imejaa vikaratasi vya rangi. Ya Gichuru ilikuwa mpya kabisa, haijakunjwa hata pembe.

Syokau akasimama akaanza. Chapta ya kwanza, ya pili, ya tatu, anaongea bila kutetemeka. Akasema, "Sasa naingia chapta ya nne, kuhusu neno nimesikia." Nikamwona Gichuru akifungua kurasa haraka haraka, mbele, nyuma, mbele tena. Ndiyo mara ya kwanza alikuwa anaifungua. Hilo ndilo linanichoma hadi leo. Mtoto ameandika na jasho, na mtu anayelipwa kuisoma hakuisoma, kwa sababu alikuwa na hakika.

"Ngoja," akasema. "Profesa, naomba radhi. Hii chapta haifai kuwa hapa. Wakazi wa sehemu hii wana ukaidi unaojulikana, nimeuandika mimi mwenyewe, na mwanafunzi ameamua kutetea ukaidi huo kwa sababu ni kwao."

Nilikuwa nishainuka nusu. Mama Syokau akanishika mkono, vidole vyake bado vyembamba kwa ule ugonjwa, nikakaa.

"Ulimwelekeza aitoe?" Profesa Ngendo akauliza.

"Nilimwelekeza ana kwa ana ofisini kwangu. Na akakubali. Sasa amenizunguka, na kwa jambo kama hilo sioni atapitaje."

Bwana Kahiga akaweka simu chini. Nikamtazama Syokau. Nilikuwa nimesikia mwenyewe kwenye lile benchi.

"Alikubali kwa kusema nini?" Profesa akauliza.

"Nilimwuliza kama amesikia." Gichuru akamtazama Syokau. "Akasema, nimesikia, mwalimu."

Sijui kama aliyasikia maneno yake yakitoka. Sisi tuliyasikia. Bwana Kahiga akaanza kukohoa akitafuta leso. Syokau hakucheka, hata kidogo. Aligeukia jopo akasema taratibu, "Ni kweli, nilisema hivyo. Sikusema nitaitoa. Mwalimu alikuwa na kiti na mimi nilikuwa nimesimama, na nilitaka kwenda nyumbani." Halafu akafungua ukurasa. "Iko hapa, Profesa. Ni maneno ya mama anayeuza githeri. Ukimwambia mtu nimesikia, anaenda."

Mama Syokau akaniegemea. "Ni mimi huyo," akaninong'oneza.

Profesa Ngendo alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akauliza maswali yake, na yalikuwa magumu, usidhani alimwachia. Uliwachagua vipi? Unajuaje kwamba hata wewe hawakukuambia ulichotaka, ukiwa mtoto wa pale? Syokau akajibu, na pale asipojua akasema sijui, na mimi niliona Profesa akiandika kitu kizuri kila aliposema sijui. Wakatutoa nje. Tulisimama koridoni mpaka tukaitwa tena.

Chapta ya nne inabaki, Profesa akasema. Arekebishe marejeo na aongeze maelezo kuhusu yeye mwenyewe kuwa mwenyeji wa pale. Amepita, na jina lake litasomwa.

Mama Syokau hakupiga kigelegele. Alifungua mkoba, akatoa leso, akaifunga tena ndani ya mkoba bila kuitumia.

Lakini Profesa hakuwa amemaliza. Alimgeukia Gichuru na kuongea kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kwamba kifungo cha shati kimefunguka. "Daktari, ile ripoti yako bado iko mikononi mwa watu wa mradi. Wanaamini wale watu waliambiwa. Na lile tangi, nimesoma hapa, bado wanalichotea. Nakuomba urudi Kiandutu, uulize upya, kwa swali la huyu mwanafunzi wako. Mwezi huu usiishe. Umesikia?"

Gichuru alikuwa anakusanya karatasi zake.

"Nimesikia, Profesa," akasema.

Mama Syokau akanigusa goti.

"Huyo haendi," akasema.